Viungo vya Sikukuu na Kibanja Chetu: Historia ya Chungu cha Karagwe na Kyerwa

Natumaini mvua za vuli zimekukuta umekwisha palilia, na senene wa mwaka huu wamekufikia angalau sahani moja.

Leo hatusemi habari za mbolea wala dawa za kunyunyizia. Leo tunaingia jikoni, na bwana shamba akiingia jikoni msimshangae. Kilichomo chunguni kimetoka shambani, na mkulima asiyejua ladha ya zao lake ni rahisi kudanganywa sokoni. Sikukuu ziko karibu. Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Isingiro mpaka Murongo, maduka yamekwisha tundika vipakiti vya bizari na viungo vya pilau. Akina mama wananunua, akina baba wanatoa fedha. Kabla hujatoa fedha yako, hebu tukae kidogo tutazame sikukuu za huku kwetu zilipikwaje zamani, na harufu nzuri ya chakula ilitoka wapi.

Ng'ombe wa Krismasi ya 1861

Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Naili. Omukama Rumanika aliwapokea vizuri katika makao yake ya Bweranyange. Ilipofika tarehe 25 Desemba, Rumanika, ambaye alikuwa amesikia kwamba watu wa kwao Speke siku hiyo hula vizuri kuliko siku nyingine, alimpelekea mgeni wake ng'ombe. Habari hiyo Speke mwenyewe aliiandika katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1863.

Fikiri jambo hilo, ndugu mkulima. Mwaka ule Karagwe haikuwa na kanisa wala padri. Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, yaani miaka 31 baadaye. Lakini mwenye nyumba alikwisha kujua kwamba mgeni akiwa na sikukuu yake, hulali mpaka umempatia cha kupika. Ndiyo desturi yetu mpaka leo.

Sasa, nyama ile ilitiwa kiungo gani? Karibu na Bweranyange, mahali paitwapo Kafuro, kulikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Tabora. Hao walikuja hasa kwa ajili ya pembe za ndovu, na mizigo yao ilikuwa nguo, shanga na waya wa shaba. Wapagazi waliobeba mzigo kutoka pwani kwa miezi mingi hawakupanda kilima cha Karagwe ili kuleta mdalasini wa mwananchi wa kawaida. Kiungo kilichothaminiwa kuliko vyote kilikuwa chumvi. Nayo ilisafiri kwa miguu na mitumbwi kutoka Uvinza kwa upande wa kusini, na kutoka Katwe na Kibiro kwa upande wa Uganda ya leo. Aliyepata chumvi safi na samli nzuri, chakula chake kilikuwa cha sikukuu.

Usidhani basi kwamba babu zetu walikula vitu visivyo na harufu. Walikuwa na chao, tena kilikuwa mlangoni.

Akamwani, kitafunwa cha heshima

Kabla ya Speke, msafiri mwingine, Richard Burton, alikaa Tabora katika miaka ya 1857 na 1858. Yeye hakufika Karagwe, lakini alisikia habari zake kwa Waarabu, mmojawapo akiwa Snay bin Amir, mfanyabiashara aliyekuwa amepita njia hii ya kaskazini. Burton akaandika kwamba huku kuna kahawa, na kwamba wenyeji hawainywi bali wanaitafuna.

Hiyo ndiyo akamwani. Wazee mnaijua. Vijana wengi wanaiona stendi ya basi tu, imefungwa, wakadhani ni kitu cha kupotezea muda. Lakini akamwani ndiyo kitafunwa cha zamani cha heshima katika nchi zote za upande huu wa ziwa. Mgeni akiingia, kabla ya kuulizwa habari ya safari, aliletewa kikapu kidogo chenye kahawa. Kwenye harusi, kwenye mapatano, hata kwenye msiba, kikapu kilizunguka. Katika Buhaya na Buganda, watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walichukua tunda moja la kahawa. Kwa sababu ndani ya tunda moja mna punje mbili, kila mmoja akala punje ya mwenzake ikiwa na damu. Kahawa ikawa shahidi wao.

Na ilitengenezwaje? Hapa ndipo nataka ufungue masikio. Matunda ya robusta huchumwa yakiwa yamekomaa lakini hayajawa mekundu. Huchemshwa katika chungu pamoja na nyasi na majani ya kunukia yaliyochumwa kando ya nyumba, na kila mji una mchanganyiko wake. Yakiisha kuchemka hutandazwa juani siku kadhaa, yakigeuzwa na kuokotwa jioni kabla ya umande. Yaliyooza hutupwa. Yaliyochumwa machanga mno hutupwa. Yanayobaki huwa mepesi, makavu, na ukiyatia mdomoni unapata uchungu kidogo, kisha ile harufu ya majani inapanda puani.

Haya, niambie: ni nani aliyekuwa bwana shamba wa akina bibi wale? Ni nani aliyewatolea amri wachambue matunda mabovu, waanue kabla ya umande, wachume kwa wakati? Hakuna. Walifanya hivyo kwa sababu kikapu kile kingeletwa mbele ya mgeni, na mgeni angetafuna, na sifa au aibu ingebaki katika mji. Aliyelima ndiye aliyeonja, na aliyeonja alijua zao zuri na zao baya.

Kahawa ilivyotoka jikoni

Baadaye mambo yakageuka. Katika himaya nyingi za Buhaya upandaji wa mikahawa ulikuwa chini ya mamlaka ya wafalme na koo zao. Utawala wa Wajerumani ulipokuja na kodi ya fedha, kila mwenye nyumba alitakiwa kutafuta kitu cha kuuza, na kahawa ikawa kitu hicho. Waingereza wakaendelea kusukuma watu wapande zaidi. Kahawa ikaacha kuwa ya kikapu, ikawa ya gunia.

Hapo ndipo amri zilipoanza. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilitaka kulazimisha kanuni za kutunza mikahawa, na wakulima wa Bukoba wakazikataa hata pakatokea ghasia. Mimi ni mtu wa ugani, nimesoma chuoni kwamba kanuni nyingine za kutunza zao ni nzuri. Lakini nalielewa jambo lililowaudhi wazee wale. Waliambiwa watunze ubora wa kitu ambacho wangekipeleka kwenye mizani ya mtu mwingine, apange bei mtu mwingine, anywe mtu mwingine ng'ambo ya bahari. Ubora ukawa neno la bwana mkubwa. Zamani ulikuwa neno la bibi mwenye kikapu.

Wakulima hawakukaa kimya. Mwaka 1950 Bukoba ilipata chama kikuu cha ushirika wa kahawa, na mwaka 1990 huku kwetu tukapata chama chetu, KDCU, ambacho wanachama wake wako Karagwe na Kyerwa, ingawa Kyerwa imekuwa wilaya peke yake tangu mwaka 2012. Ushirika umesaidia mkulima kujua uzito na bei. Lakini ladha, ndugu zangu, bado wengi hatuijui. Waulize majirani kumi wanaouza kahawa, ni wangapi wanaokunywa kahawa ya shamba lao.

Pilau na viungo vya pwani

Sasa tuingie kwenye pilau, maana siku hizi sikukuu bila pilau watoto wanaona si sikukuu. Pilau haikuzaliwa Karagwe, wala haikuzaliwa Unguja. Ilikuja na watu wa Uajemi, Uarabuni na Bara Hindi, ikapata makao pwani, kisha ikapanda bara pamoja na biashara, dini ya Kiislamu, maduka ya Wahindi, na vijana waliokwenda kufanya kazi mbali wakarudi na mapishi mapya. Leo inapikwa Idi na inapikwa Krismasi, na hakuna anayeuliza ni ya nani.

Viungo vyake navyo ni wasafiri. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akahimiza ipandwe mpaka Unguja na Pemba zikawa maarufu duniani. Iliki, mdalasini na pilipili manga asili yake ni upande wa Bara Hindi na Sri Lanka, na leo vinalimwa pia na wakulima wenzetu wa milima ya Usambara ya Mashariki, pande za Amani na Muheza. Pilipili kali ilitoka Amerika. Na usicheke: hata maharage tunayochanganya na ebitoke asili yake ni Amerika, na mgomba wenyewe, ambao tunauona kama ndugu wa damu, ulitoka Asia ya Kusini-Mashariki zamani za kale. Basi kitu kuwa cha mbali si kosa. Mgomba ulikuja ukiwa mgeni, ukapandwa, ukatunzwa, ukawa wetu. Kosa ni kukinunua kila mwaka kitu ambacho kingekubali kibanjani.

Wazee wa miaka 60 na zaidi wanakumbuka miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Maduka yalikuwa na rafu tupu. Sukari ilikuwa ya kugawiwa, sabuni ya kutafutwa, mchele wa kusikia. Lakini sikukuu zilipikwa. Zilipikwa ebitoke na nyama ya mbuzi ndani ya majani ya mgomba, zikapikwa na samli, zikaletwa na senene wa kukaanga na lubisi. Nyumba zilizokuwa na tangawizi na mchaichai uani zilinywesha wageni chai yenye harufu hata bila kitu cha dukani. Nyumba zisizokuwa nayo zilikwenda kuomba kwa jirani.

Vanila: kiungo tulichokilima tusikile

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiungo kipya kilianza kuenea kwa wakulima wa Kagera: vanila. Mmea huu asili yake ni Meksiko. Kwa muda mrefu ulipopelekwa nchi nyingine ulitoa maua bila matunda, kwa kuwa hapakuwa na wadudu wa kuuchavusha. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa, jina lake Edmond Albius, aligundua njia rahisi ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Njia hiyohiyo ndiyo unayoitumia wewe asubuhi kule Kyerwa, kwa sababu ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu. Ukichelewa, limepita. Vanila yote ya Bukini na visiwa vile imejengwa juu ya akili ya mtoto yule, naye alikufa maskini.

Huku kwetu vanila ilipendwa kwa sababu inakaa vizuri ndani ya kibanja, ikipanda mibono chini ya kivuli cha migomba. Kisha bei ikaja na kelele zake. Mwaka 2000 kimbunga kiliharibu mashamba ya Bukini, inakotoka sehemu kubwa ya vanila ya dunia. Bei ikapanda, na kufikia mwaka 2003 kilo moja ya vanila iliyokaushwa ilipita dola 400 katika soko la dunia. Watu wakapanda mbiombio, wengine wakachuma maganda machanga kwa kuogopa wezi. Kufikia mwaka 2005 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 50. Wengine wakang'oa. Mwaka 2017 kimbunga kingine kikapiga Bukini, na mwaka 2018 bei ikafika karibu dola 600. Ikashuka tena.

Katika kupanda na kushuka huko kote, ni nyumba ngapi za Karagwe na Kyerwa zilizotia ganda moja la vanila yao katika maandazi ya Krismasi? Chache mno. Mkulima anauza vanila halisi, kisha anakwenda dukani kununua kichupa cha maji yenye harufu ya vanila. Kitu kile mara nyingi hakijaona mmea wa vanila hata siku moja. Harufu hiyo Wajerumani walijua kuitengeneza kwa kemia tangu mwaka 1874. Mimi nasema hivi: kiungo usichokionja mwenyewe, ubora wake unausikia kwa mnunuzi, na bei yake pia unaisikia kwa mnunuzi.

Kipakiti cha dukani

Sasa nikueleze jambo lililonipata. Mwaka mmoja nilinunua kipakiti cha manjano katika duka moja, sitalitaja, nikapeleka nyumbani. Chakula kikawa cha njano kweli, lakini hakikuwa na harufu. Nikatia kijiko kimoja katika glasi ya maji. Maji yakageuka rangi kali mara moja, na chini pakabaki unga mweupe. Nilikuwa nimenunua unga uliotiwa rangi, na watoto wangu walikuwa wamekwisha kula nusu.

Mambo haya hayako kwetu peke yake. Nchini Bangladesh watafiti walionyesha mwaka 2019 kwamba manjano iliyokuwa sokoni ilitiwa rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae. Risasi ni sumu, na hudhuru hasa ubongo wa mtoto. Serikali yao ikachukua hatua kali. Nami nakuonya: jaribio la glasi linaweza kukuonyesha unga au rangi ya ovyo, lakini haliwezi kukuonyesha risasi. Dawa iliyo salama zaidi ni mbili. Kinachokubali kupandwa, panda. Usichoweza kupanda, nunua kikiwa kizima, usinunue kilichosagwa. Karafuu nzima, iliki yenye ganda, mdalasini wa kijiti na pilipili manga ya punje ni vigumu kuchakachua. Utasaga mwenyewe kwenye kinu.

Panda mwezi wa tatu, ule mwezi wa kumi na mbili

Tangawizi na manjano hutaka miezi 8 hadi 10 ardhini. Ukipanda mvua za mwezi wa Machi, Desemba unavuna. Chagua vipande vyenye macho, vya ukubwa wa kidole gumba, uvifukie urefu wa vidole vitatu katika udongo uliolainika na kutiwa samadi, penye kivuli chepesi cha migomba. Usipande mahali panaposimama maji, vitaoza. Matuta mawili mafupi yanatosha nyumba moja kwa mwaka mzima, na ukiacha mbegu hutanunua tena.

Manjano ukiisha kuvuna osha, chemsha mpaka kijiti kipenye, kama dakika 45, katakata, anika juu ya mkeka safi, usianike juu ya ardhi. Ikivunjika kwa sauti imekauka. Hifadhi vipande, saga kidogo kidogo. Unga uliokaa mwaka mzima umebaki rangi tu.

Mchaichai upande ukingoni mwa uwanja. Giligilani inataka kama wiki sita tu, kwa hiyo panda katikati ya Novemba upate majani mabichi ya Krismasi. Vanila, kama unayo, acha maganda manane au kumi ya nyumbani yakomae miezi 9 tangu kuchavushwa. Yatumbukize katika maji ya moto yasiyochemka, dakika 3, kisha yafunge katika blanketi usiku mzima yatoke jasho. Yaanike saa mbili au tatu kila siku, na baada ya kila anikio yafunge tena. Yakigeuka rangi ya kahawia iliyokoza na kuwa laini kama ngozi, yaweke kivulini wiki kadhaa, halafu ndani ya kopo. Ganda bichi halina harufu. Harufu inaletwa na subira, kama ile ya akamwani.

Chungu chenyewe

Kwa watu 6, chukua nyama ya mbuzi kilo 1. Ichemshe na chumvi, kitunguu na tangawizi iliyopondwa, kiasi cha kidole kimoja, mpaka ikaribie kuiva. Panga ebitoke vilivyomenywa, kama 20, juu ya nyama. Tia nyanya na nusu kijiko cha chai cha manjano yako. Funika kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni, kisha kifuniko. Moto uwe wa polepole. Karibu na kuepua tia samli kijiko kimoja cha chakula na giligilani iliyokatwa. Usitie viungo kumi. Ebitoke vina ladha yake, usiizike.

Senene waondoe mabawa na miguu, waoshe, wakaange katika sufuria kavu. Mafuta yao yatatoka yenyewe. Tia chumvi, kitunguu na pilipili kidogo mwishoni. Wakiwa wakavu kabisa hukaa, na mtoto aliyeko Mwanza au Dar es Salaam hupelekewa. Asiyepatana na senene, akavimba au kuwashwa, asilazimishwe.

Maandazi ya unga kilo 1: sukari glasi moja isiyojaa, hamira kijiko kimoja cha chakula, chumvi kidogo, iliki punje 8 zilizotwangwa. Pasua ganda moja la vanila, kwangua vile vidonge vyeusi, uvitie pamoja na ganda lenyewe katika maziwa ya moto, glasi 2. Acha mpaka maziwa yawe vuguvugu, toa ganda, kanda unga wako kwa maziwa hayo, uache uumuke. Ganda lile usilitupe. Likaushe, litumbukize katika kopo la sukari, litanukisha chai mpaka Pasaka.

Na neno moja la shamba, maana siwezi kujizuia. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, ukianzia Muleba, na huku kwetu umetuumiza. Sikukuu ndiyo majira ambayo kisu kimoja hupita vibanja vingi kikikata majani ya kufungia na mikungu ya wageni. Kila ukitoka mgomba mmoja kwenda mwingine, pitisha kisu motoni. Usipofanya hivyo, utapika vizuri mwaka huu, na mwaka ujao hutakuwa na cha kupika.

Kabla bibi hajaondoka

Ndugu mkulima, viungo vya dukani vitaendelea kuwapo, na bei za ng'ambo zitapanda na kushuka. Lakini kuna kitu kimoja kinachopungua kila mwaka, wala hakina duka: yale majani ya kunukia ambayo bibi yako anayatia katika chungu cha akamwani. Chuoni hatuna orodha yake kamili, kwa sababu kila mji una yake. Yeye anayajua kwa mkono na kwa pua. Akiondoka bila kuulizwa, ameondoka nayo.

Basi sikukuu hii, watoto wakiwa wamerudi nyumbani, fanya hivi. Mchukue bibi au babu, mzunguke naye kibanja polepole. Mwambie, "Bibi, nionyeshe majani ya akamwani." Ayachume mbele ya wajukuu. Hamisha mche mmoja mmoja uupande karibu na mlango wa jiko, na mwenye daftari aandike jina lake kwa Kinyambo. Kisha mchemshe kahawa kidogo pamoja, muianike, mfundishane kuchambua. Watoto wadogo, akina mama wajawazito na wenye moyo kwenda mbio wasiitafune, maana ni kahawa yenye nguvu. Wengine mkae, kikapu kizunguke.

Kwa ufupi, yakumbuke haya: panda tangawizi na manjano mwezi wa Machi; nunua viungo vizima; acha vanila kidogo ya nyumbani; pitisha kisu motoni; na umuulize bibi.

Ukiisha kuionja kahawa yako na vanila yako, siku mnunuzi atakapokuja kukuambia zao lako si zuri, utakuwa na jibu. Zamani Rumanika alimpelekea mgeni ng'ombe. Wewe mgeni wako mpelekee sahani ambayo kila harufu iliyomo unaweza kumwonyesha mahali ilipoota.

Nakutakia sikukuu njema na kazi njema shambani. Mpaka tutakapokutana tena.